Mama wa Chemchemi Apanda Mkokoteni

Sisi watu wa Amselkirchen ni wachache, lakini tuna makanisa mawili, na ukimuuliza Mungu atakwambia moja lingetutosha. Moja liko juu ya kilima, jingine liko bondeni kando ya soko. Anayezaliwa karibu na lile la kilimani ni mtu wa Juu, anayezaliwa karibu na hili la sokoni ni mtu wa Chini, na hakuna ubatizo wala ndoa inayoweza kulibadili jambo hilo. Mimi ni wa Chini. Duka langu la mikate linatazamana na mlango wa kanisa la Mtakatifu Leonardi, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe nikiwa na unga mpaka viwikoni, na yaliyobaki nililetewa na wateja, maana kwetu mtu haji kununua mkate tu, huja na habari pia.

Kanisa la Juu ndilo la mahujaji. Humo anakaa Mama wa Chemchemi, sanamu ya Bikira Maria iliyochongwa kwa mti wa mlinde, kimo chake kama mtoto anayeanza shule. Watu wanatoka mbali kuja kumwomba macho, watoto, mvua, na siku hizi hata leseni ya udereva. Zamani za vita vya Waswidi, askari walipopita wakichoma kila chenye paa, sanamu hiyo ilifichwa. Mpaka hapo tunakubaliana. Sisi wa Chini tunasema ilifichwa kwetu, kwenye zizi la nguruwe nyuma ya kanisa, na askari walipowaona nguruwe walisahau kabisa habari za dini. Vita vilipokwisha watu wa Juu wakaja kumwazima kwa sikukuu moja tu, na mpaka leo hawajamrudisha. Watu wa Juu wanasema huo ni uzushi wa walevi. Wao wanasema Mama alipanda kilima kwa miguu yake mwenyewe, na nyayo zake zimebaki kwenye jiwe lililo mlangoni. Jiwe lipo, nimeliona. Nyayo ni za mbuzi.

Mtu aliyekuwa akimtunza Mama wa Chemchemi alikuwa Bi Walburga Angerer, mjane wa fundi wa mapaa. Mwembamba, mgongo umenyooka kama mshumaa wa Pasaka, na ulimi wake haukuwahi kufunga hata wakati wa Kwaresima. Kazi aliirithi kwa shangazi yake: kumvisha Mama nguo ya zambarau wakati wa Majilio, nyeupe yenye nyuzi za dhahabu wakati wa Pasaka, na ya buluu kwa sikukuu ya Kupalizwa, katikati ya Agosti, ambapo mji wetu hujaa mpaka watu wanakula soseji wamesimama. Saa ya kubadilisha nguo hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuwamo kanisani, awe paroko au awe nani. “Hata Malaika Gabrieli alibisha hodi kwanza,” alikuwa akisema.

Kwetu Chini, kanisa lilitunzwa na Korbinian Reisinger. Huyu alikuwa mfugaji mpaka magoti yalipomgomea, akauza ng'ombe, akashika funguo za sakristia. Hakuoa. Alisema ng'ombe walimtosha kwa mazungumzo. Mtakatifu Leonardi ni mwombezi wa mifugo, na Korbinian alimpenda kama mtu anavyompenda jirani aliyemsaidia kuvuna majani siku mvua inakaribia. Kila asubuhi akifungua mlango, kabla hajawasha taa, alisema, “Umeamkaje, mzee?” Na alisubiri kidogo, kwa adabu, kana kwamba angejibiwa.

Wawili hao walikuwa hawapatani tangu nikiwa msichana. Sidhani walijua sababu. Wakikutana sokoni ilikuwa raha yetu.

“Tumsifu Yesu Kristo, Bi Walburga,” Korbinian angesema, kofia mkononi. “Nimesikia yule malaika wenu wa darini bado ana vidole sita.” Na ni kweli, mchoraji aliyepamba dari la Juu alilipwa bia kabla ya kumaliza kazi.

“Milele amina, Korbinian. Hicho cha sita ni cha kukuonyeshea wewe mlango.”

Basi, mwaka ninaousimulia, theluji ilipoyeyuka, kipande cha plasta kilidondoka Misa ikiendelea kule Juu kikatua kwenye kitabu cha Padri Benno, katikati kabisa ya Injili. Padri Benno alikuwa kijana mpole, mwenye hofu ya ugomvi kuliko hofu ya jehanamu. Alikipuliza kile kipande, akaendelea kusoma. Lakini mafundi walikuja, wakadunga mihimili ya paa kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kama kwenye siagi. Wadudu walikuwa wamekula mpaka wakashiba. Kanisa likafungwa, na Padri akatangaza, kwa sauti ndogo hata waliokaa mbele ilibidi wawapitishie wa nyuma, kwamba Mama wa Chemchemi atashuka kukaa kwa Mtakatifu Leonardi mpaka paa lipone.

Bi Walburga alisimama palepale. “Akishuka yeye, nashuka na mimi.”

“Lakini, Bi Walburga, nyumba yako iko…”

“Nyumbani nitalala, Padri. Mchana nitakaa naye. Wale watu siwaamini hata kwa mshumaa uliozimika.”

Siku ya kushuka, sisi wa Chini tulipamba barabara kwa matawi, na juu ya mlango wa kanisa tukatundika kitambaa kilichoandikwa KARIBU NYUMBANI. Wazo lilikuwa la Bwana Xaver Prantl, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia na mwenye baa ya Kulungu wa Dhahabu, inayogusana ukuta na kanisa. Tumbo la Prantl huingia mahali kabla yake, likasalimia, kisha yeye akafuata. Bi Walburga alikisoma kile kitambaa, akasimama, na maandamano yote yakagongana nyuma yake.

“Nyumbani kwa nani?” akauliza.

“Ni namna ya kusema tu, Bi Walburga,” Prantl akacheka.

“Basi ongeza chini yake: kwa muda.”

Hakuongeza. Mama akaingia, akawekwa pembeni mwa altare, mahali palipokuwa pa Leonardi, na Leonardi mwenyewe akasogezwa nyuma ya nguzo. Ilionekana jambo dogo. Korbinian alishika upande mmoja wa sanamu ya mzee wake akisaidia kumhamisha.

Kuanzia kesho yake Bi Walburga alifika kila asubuhi na kiti, mto wa kukalia, chupa ya kahawa na kitambaa cha kufutia vumbi. Kitambaa ndicho kilichomuumiza Korbinian kuliko ulimi.

“Unafuta nini hapo, mama? Nimepafuta jana.”

“Jana ya mwaka gani?”

“Kanisa hili limefutwa vizuri tangu babu zako wakiwa wanalala na mbuzi. Wale wa nyayo.”

“Na mishumaa yako imepinda kama imetoka kwa Prantl. Inyooshe.”

“Mishumaa inanielewa. Watu ndio shida.”

Nilikuwa nikivuka na mikate yao ya asubuhi ili nisikilize tu, nakwambia kweli. Mara nyingine nilivuka bila mkate.

Kiangazi kikaingia, na mahujaji wakagundua jambo: kwa Leonardi hakuna ngazi. Kule Juu kuna ngazi zinazomfanya hata mtakatifu akumbuke dhambi zake. Hapa Chini basi linasimama mlangoni, unashuka, unasali, unavuka hatua chache tu na uko mezani kwa Prantl chini ya kivuli cha miti ya michestnati, mbele yako nyama ya nguruwe ya kuoka na donge la viazi kubwa kama ngumi. Magoti yalishukuru. Mabasi yakaongezeka. Prantl akanunua meza mpya. Mimi nilioka mpaka mikono ikafa ganzi, na watu wa Chini wote tukawa wacha Mungu kwa namna ambayo Padri Benno hakuwahi kuiona. Sikukuu ya Agosti ilipofika tulikuwa tumeshasahau kwamba Mama ni mgeni.

Aliyesahauliwa zaidi alikuwa Leonardi. Nyuma ya nguzo hakuna aliyemwona. Mtu aliweka ndoo ya maua mbele yake, mwingine akaegemeza ufagio. Siku moja ya mvua, hujaji fulani alitundika mwavuli kwenye mkono wake, ule anaoshikia mnyororo wa ng'ombe, kwani alidhani ni kitundikio. Korbinian aliutoa, akaukausha, akaufunga vizuri, akaupeleka kwa mwenyewe bila kumkaripia. Kisha akarudi akapangusa maji kwenye mkono wa mzee kwa mkono wa shati lake.

Ile wiki alikuja pia mfugaji mmoja wa Obermoos, mtu ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakileta farasi wao hapa kila Novemba kubarikiwa. Ng'ombe wake alikuwa ameshindwa kuzaa. Alipita mbele ya ile nguzo bila kugeuza shingo, akapiga magoti kwa Mama, akaomba ndama. Korbinian alikuwa amesimama na kiberiti mkononi, tayari kumwashia mshumaa kwa Leonardi kama siku zote. Akakirudisha kiberiti mfukoni.

Bi Walburga aliyaona yote mawili. Alimaliza rozari yake, akainuka kitini, akaenda nyuma ya nguzo, akausogeza ufagio kwa mguu, akawasha mshumaa mmoja akauweka miguuni pa Leonardi.

“Unafanya nini?” Korbinian akauliza.

“Kuna giza hapa. Nitajikwaa.”

“Wewe hupiti hapa.”

“Sasa napita.” Akamtazama yule mtakatifu kuanzia mnyororo mpaka viatu. “Huyu mzee wako amekuwa mgeni kwake mwenyewe. Hata mimi sikulitaka hilo. Na kahawa hii imebaki, inapoa, kunywa. Usidhani nimekutengenezea.”

Akainywa. Alinihadithia baadaye kuwa haikuwa na sukari, na kwamba hiyo ndiyo tabia yao watu wa Juu.

Mwezi Septemba ukielekea ukingoni, paa la Juu likapona. Mafundi wakaondoka, wakaacha kuta nyeupe na harufu ya chokaa. Bi Walburga akaja na nguo ya kusafiria ya Mama, vazi la sufu lenye kofia ambalo shangazi yake alilishona lakini halikuwahi kuvaliwa, maana Mama hakuwahi kusafiri. Prantl akampokea mlangoni kwa mikono miwili.

“Bado, Bi Walburga. Plasta haijakauka. Unyevu ni adui wa mti.”

Wiki iliyofuata plasta ilikuwa imekauka, ila baridi ilikuwa imeanza. “Mti ukitoka kwenye joto ukaingia baridini unapasuka. Hata bia hupasua chupa.” Wiki nyingine hapakuwa na baridi, lakini palikuwa na heshima. “Mama hawezi kurudi kama kifurushi. Inatakiwa sherehe. Sherehe inataka kamati. Kamati itakaa baada ya Krismasi.”

“Krismasi ipi?” akauliza Bi Walburga.

“Usiwe na haraka, dada yangu. Mama mwenyewe hajalalamika.”

Alikwenda kwa Padri Benno. Padri alikuwa akipanda maua ya kaburini, na alipomwona alizidi kuinama.

“Tuombe subira, Bi Walburga.”

“Niliiomba, Padri. Nimepewa nyingi mpaka imemwagika. Nikugawie?”

Padri alisema atazungumza na halmashauri. Na kweli alizungumza nayo, ila halmashauri haikusikia.

Siku hiyo Bi Walburga alipanda kilima peke yake, akafungua kanisa lake. Aliyenihadithia ni yeye mwenyewe, baada ya muda mrefu, akiwa amekaa dukani kwangu akiniangalia nisimpunjie mkate. Alisema kanisa lilikuwa zuri kama bibi harusi ambaye bwana harusi hajafika. Chemchemi nyuma ya altare ilikuwa ikitiririka, haina wa kumtiririkia. Alikaa kwenye benchi la mbele, akapandisha macho darini, na yule malaika wa vidole sita alikuwa amepakwa rangi mpya, vidole vyote sita, fundi hakuthubutu kupunguza. “Nikacheka,” alisema. “Halafu nikalia, mwanangu. Nilimlilia kama nimezika tena.”

Aliposhuka macho yalikuwa mekundu. Korbinian alimwona akipita sokoni, na mara hiyo hakuvua kofia wala hakutupa neno. Kesho yake asubuhi alimkuta keshafika kwenye kiti chake. Akaanza kunyoosha mishumaa ambayo haikupinda.

“Jumapili zimamoto wanabarikiwa gari jipya,” akasema, kama anayezungumza na mshumaa.

“Najua. Padri katangaza. Nadhani alitangaza, niliona midomo ikicheza.”

“Baada ya Misa wote watakuwa kwenye hema la bia. Wa Juu na wa Chini. Tarumbeta, kuku wa kuoka, hotuba ya Prantl. Hotuba ya Prantl ni ndefu.”

“Sasa?”

“Mkokoteni wangu wa maziwa bado ninao. Magurudumu ni ya mpira. Hautikisi.”

Bi Walburga aliacha shanga za rozari zikasimama. “Wewe ni mtu wa Chini, Korbinian.”

“Mimi ni mtu wa Leonardi. Namtaka mzee wangu atoke nyuma ya nguzo. Na kusema kweli, mama, nimechoka kufutiwa vumbi.”

Jumapili ikafika, jua la Oktoba likiwa kama limeazimwa kutoka Agosti. Kengele ya mchana ilipokwisha kulia, hema lilikuwa limejaa na Prantl alikuwa ameshika kipaza sauti. Mimi nilikuwa nimefunga duka, lakini nilikuwa bado dirishani nikivua aproni, nikauona mlango wa sakristia ukifunguka. Kwanza ukatoka mkokoteni. Kisha akatoka Korbinian kinyumenyume amemkumbatia Mama wa Chemchemi kiunoni, uso umegeuzwa pembeni kwa aibu, na Bi Walburga ameshika miguu.

“Mlaze taratibu,” Korbinian akahema.

“Mama wa Mungu halazwi kama gunia la viazi! Atasimama.”

“Akisimama ataanguka.”

“Mfunge.”

“Nimfunge na nini? Nina kamba ya ng'ombe tu.”

“Imefuliwa?”

“Kamba ya ng'ombe haifuliwi, mama!”

Wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe, na Bi Walburga akaificha chini ya vazi la kusafiria, akamvalisha kofia ya sufu. Nilitakiwa kupiga kelele. Mimi ni wa Chini, na dukani kwangu palikuwa na tanuri jipya lililokuja kwa baraka za mabasi. Nikafungua dirisha.

“Mnakwenda wapi na Mama?” nikauliza kwa sauti ya chini.

Bi Walburga hakugeuka. “Kupunga upepo. Funga dirisha, unga wako utaota ukungu.”

Nikafunga dirisha. Kisha nikavaa viatu nikawafuata kwa mbali.

Hawakupita ngazi, walipita njia ya trekta inayozunguka kilima. Korbinian alivuta, Bi Walburga alisukuma kwa mkono mmoja na kumshika Mama kwa mwingine. Magoti ya Korbinian yalikuwa yakilia kuliko magurudumu. Kila baada ya kitambo walisimama, wakalaumiana, wakaendelea. Walipofika kwenye kona ya msalaba wa mawe, mbele yao palikuwa na basi limesimama na umati wa watu wamevaa viatu vya kutembelea, wanatazama huku na huku kama kondoo waliopotelewa na mchungaji. Walikuwa mahujaji kutoka upande wa mto Danubi. Walikwenda kwa Leonardi wakakuta pamefungwa, kwa sababu Korbinian alikuwa ameondoka na ufunguo, basi dereva akawapandisha kilimani kwa njia ya nyuma kujaribu bahati.

Kiongozi wao, mama mnene mwenye kipaza sauti cha mkononi, aliuona mkokoteni. Akamwona Mama amesimama juu yake na kofia ya safari. Akapiga magoti kwenye changarawe, na basi zima likapiga magoti nyuma yake.

Korbinian aliacha mkono wa mkokoteni. “Tumekwisha,” akanong'ona. “Nyamaza. Tuseme tunampeleka kupakwa rangi.”

Yule mama akainua uso, machozi yanamtoka. “Kumbe leo ndiyo siku ya maandamano! Na sisi hatukuambiwa!”

Nilikuwa nyuma ya mti, na namfahamu Bi Walburga tangu nazaliwa. Sikuwahi kumwona akikosa la kusema, na hata siku ile hakukosa.

“Ndiyo,” akasema. “Mmechelewa, lakini mnasamehewa. Wanaume waje wavute, huyu mzee amechoka. Wengine shikeni nyuma, wawili wawili. Mnajua kuimba?”

Walijua. Walijua kweli. Watu wa Danubi wakiimba Salamu Maria hata ng'ombe huacha kutafuna. Sauti ikashuka kilima chote, ikaingia ndani ya hema ambamo Prantl alikuwa bado kwenye utangulizi wa hotuba. Mkuu wa bendi ya tarumbeta aligeuka mweupe. Alidhani amesahau sikukuu. Akachukua tarumbeta yake akakimbia, na bendi nzima ikamfuata ikifunga vifungo. Zimamoto walipoona bendi inakimbia walidhani kuna moto, wakarukia gari jipya. Watu wa Juu waliuliza kuna nini, wakaambiwa Mama anarudi, wakaacha kuku wa kuoka mezani, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea hata wakati wa Waswidi. Watu wa Chini nasi tukaenda, maana nani atabaki nyuma atazame tu?

Padri Benno alifika amevaa stola upande mmoja, na haradali kwenye kidevu. Prantl alifika wa mwisho, amevimba, kikombe cha bia bado mkononi. Akajipenyeza mpaka mbele.

“Bi Walburga! Nani ameruhusu jambo hili?”

“Muulize mwenyewe,” akasema Bi Walburga akimwonyesha Mama. “Huyo hapo, anakuangalia.”

Prantl akamtazama Mama. Nyuma ya Mama palikuwa na basi zima la wageni wanaolia kwa furaha, wote wateja watarajiwa wa nyama ya kuoka. Hapo ndipo wote tukamgeukia Padri Benno. Maskini, alikuwa hana pa kuinama, hapakuwa na maua ya kupanda. Alijifuta haradali. Akavuta pumzi.

“Mama wa Chemchemi,” akasema, na kwa mara ya kwanza tulimsikia mpaka wa nyuma kabisa, “anarudi leo kanisani kwake, kama ilivyopangwa.”

Hakusema ilipangwa na nani. Nasikia aliungama baadaye. Akachukua nafasi mbele ya mkokoteni, bendi ikapiga, gari la zimamoto likafuata nyuma polepole taa zikizunguka, na tukampandisha. Kengele ya Juu ililia kwa mara ya kwanza tangu masika. Bi Walburga aliwatoa wanaume wote nje kwanza, akamvua Mama vazi la safari, akamvisha nyeupe yenye dhahabu, ingawa haukuwa msimu wake, kisha akafungua milango. Korbinian alikuwa amekaa kwenye lile jiwe la nyayo, anapapasa magoti.

“Ingia basi,” Bi Walburga akamwambia. “Au unangoja kubebwa?”

“Nilikuwa naangalia hizi nyayo, mama. Huyu mbuzi alikuwa mkubwa.”

Jioni ileile Leonardi akarudi mahali pake. Prantl mwenyewe alisaidia kumsogeza, na kufika saa ya chakula alikuwa akiwaeleza watu wa Danubi jinsi alivyoyapanga maandamano kwa siri ili kuwashangaza. Hakuna aliyembishia. Alikuwa akigawa bia huku anaeleza.

Mwaka uliofuata, Ijumaa moja ya Oktoba, basi lile lilikuja tena, na mengine nyuma yake. Yule mama wa kipaza sauti akaja dukani kwangu akauliza maandamano ya Jumapili yanaanza saa ngapi. Nikampeleka kwa Padri Benno, Padri akampeleka kwa halmashauri, na halmashauri, kwa mara ya kwanza tangu iundwe, ilikubaliana kabla ya kiti kupata joto: Mama ashuke Jumamosi, alale kwa Leonardi, apande Jumapili kwa mkokoteni. Korbinian alitoa sharti moja tu, kwamba kabla ya kuondoka matrekta na farasi wabarikiwe mbele ya Leonardi. Mfugaji wa Obermoos alikuja na ndama.

Sasa ni desturi. Mwalimu wetu wa historia ameandika kwenye kibao cha mlangoni kwamba maandamano haya ni ya tangu enzi na enzi. Msimu uliopita alikuja mwandishi wa gazeti kutoka mjini, kijana mwenye miwani, akawakuta Bi Walburga na Korbinian wamekaa kwenye benchi mbele ya duka langu wakisubiri bendi ijipange.

“Mmeanza lini maandamano haya?” akauliza.

Korbinian akakuna kidevu. “Bibi yangu alikuwa akinisimulia kuwa bibi yake alikuwa akiyaongoza.”

Kijana akaandika.

“Usiandike hilo,” Bi Walburga akasema. “Bibi yake huyu hakuwahi kuongoza hata bata. Waliyaanzisha watu wa Juu.”

“Kwa mkokoteni wa nani, mama?”

“Mkokoteni! Gari la mavi ya ng'ombe unaliita mkokoteni!”

“La maziwa!”

Kijana alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kalamu hewani. Nikampa mkate wa chumvi, nikamwambia akae tu, bendi itachelewa, na hawa wawili ndiyo kwanza wanaanza.